Mama wa Namba Mpya

Sehemu ya Saba

“Mama, mwenye namba hii tumeshamhudumia leo asubuhi.”

Hayo ndiyo maneno ya binti wa dirishani, pale kwenye ofisi ya kampuni ya simu, na hapo ndipo nilipowakatia utamu wiki iliyopita. Mmoja wenu ameniandikia kwamba nina roho mbaya. Ninayo. Twende.

Mama Nakala alicheka. Mtu akiambiwa jambo lisiloingia akilini, kwanza mdomo hucheka, akili hufika baadaye.

“Binti yangu, mwenye namba ni mimi. Simu imekufa tangu nifungue duka, haipigi wala haipokei. Ndiyo maana nimefunga duka nikaja kupanga foleni.”

“Nakuelewa, mama. Lakini alikuja mama mmoja, akasema laini yake imepotea. Alikuwa na kitambulisho.”

“Cha nani?”

“Chako.”

Mama Nakala akatia mkono kwenye mkoba. Kitambulisho kilikuwa pale pale kinapokaa siku zote, kwenye mfuko wa zipu, kimefungwa ndani ya nailoni. Akakiweka juu ya kaunta. Binti akakitazama, akatazama kompyuta, akakitazama tena.

“Ni hiki hiki. Picha hii hii.”

“Kitakuwaje hiki, na mimi sijakitoa mkononi tangu nipewe!”

“Na maswali ya siri alijibu yote, mama. Jina la bibi mzaa mama. Shule ya kwanza. Jina la utani la mwalimu wako wa darasa la kwanza. Mwisho tukamwuliza namba anazozipiga mara kwa mara.”

“Akazitaja?”

Binti akasita. Alikuwa msichana mwenye huruma, na huruma ndiyo iliyomponza.

“Alitaja moja tu. Na kweli, kwenye rekodi yako ipo moja tu. Mama, kwani wewe... humpigii mtu mwingine?”

Foleni nzima ilisikia. Mama Nakala alijiona kama mtu aliyefunuliwa shuka mbele za watu. Akakichukua kitambulisho chake, akakirudisha kwenye nailoni, na zipu ikamsumbua kufunga.

“Sasa nifanye nini?” akauliza.

“Andika maelezo hapa, halafu ulete karatasi ya polisi. Ikithibitika, tutaifunga hiyo namba.”

“Ithibitike nini?”

“Kwamba wewe ndiye wewe, mama.”

Sasa hiyo namba moja ni ya nani? Wa zamani mnaijua. Aliyeliokota gazeti leo, nisikilize haraka haraka, wenzako wasinune.

Mama Nakala ni mjane mwenye duka la kutoa nakala. Mashine mbili, kompyuta moja, feni inayolia. Mtaa mzima hupeleka pale vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya vifo. Na kwa siri za watu mama huyu hana mchezo. Nakala ikitoka mbovu huichana mbele ya mteja, kisha huichoma kwenye debe nyuma ya duka. Ukisahau cheti kwenye mashine, atafunga duka akufuate nacho nyumbani.

Siku moja simu ya duka ikaita. Mwanamume, sauti ya upole, anauliza kama amesahau kitambulisho chake kwenye mashine. Mama Nakala akatafuta chini ya meza, nyuma ya mashine, hadi kwenye majivu ya debe. Hakukiona. Jioni akampigia kumpa pole. Kesho yake yule bwana akapiga kushukuru, na kabla hajakata akauliza, “Umekula, mama?”

Basi, swali hilo ndilo lililommaliza. Tangu mumewe azikwe, tangu mwanawe wa pekee aondoke bila kuaga, hakuna binadamu aliyewahi kumwuliza kama amekula. Alikuwa anapika sufuria dogo, anakula amesimama jikoni, anaosha kijiko kimoja. Swali lile likamfanya akae mezani.

Akampachika jina: Mstaarabu. Kila jioni walipigiana, na kila jioni mama alisimulia. Mganga hajigangi, ndugu zangu. Za watu alizichoma motoni, zake akazimimina sikioni mwa mtu asiyemjua sura.

Kutoka ofisi ya simu hadi dukani alitembea kwa miguu. Si kwamba hakuwa na nauli. Hakutaka kukaa karibu na mtu.

Pale nje ya duka alikuwepo Kiraka, fundi viatu, kwenye kigoda chake. Kiraka na marehemu mume wa Mama Nakala walikuwa marafiki wa damu, ndiyo maana humwita shemeji. Wamekaa mlango kwa mlango miaka yote hiyo, na wanachoongea ni jua na mvua.

“Shemeji, umerudi na sura ya msiba.”

“Kuna mtu amekuwa mimi.”

Kiraka akaacha kushona. “Amekuwa wewe vipi? Hiyo kazi ya kuwa wewe ina mshahara?”

“Usinitanie leo. Amejibu maswali yangu yote ya siri, hadi jina la bibi, na ana kitambulisho changu. Na changu ninacho hapa mkobani! Amekipata wapi?”

Kiraka akanyoosha sindano yake ya viatu kuelekea kwenye kioo cha duka.

“Si kile pale?”

Mama Nakala akageuka. Kwenye kioo, chini ya maandishi NAKALA ZA RANGI, SAFI KAMA ZENYEWE, kilibandikwa kitambulisho chake mwenyewe, mbele na nyuma, kimekuzwa hadi tarehe ya kuzaliwa inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Alikibandika mwenyewe, siku mashine ya rangi ilipoletwa. Alitaka wateja waone ubora wa kazi. Duka lingine lingechukua cha mteja yeyote, likabandika, basi. Yeye akakataa katakata. Siri ya mtu haianikwi kiooni, akasema. Akaanika ya kwake.

Lo! Mama wa watu! Aliivuta ile karatasi kwa kucha, na gundi ikabaki na vipande vya uso wake pale pale kwenye kioo.

“Haya, kitambulisho tumekijua,” Kiraka akasema. “Na hayo maswali wameyajibuje? Hapo kiooni hapakuandikwa jina la bibi yako.”

Mama Nakala alikuwa amejua tangu pale dirishani. Moyo tu ndio uliokuwa unaomba muda.

“Niazime simu yako, shemeji.”

Akapiga namba ya Mstaarabu. Ilikuwa imekaa kichwani kama sala. Ikaita, ikapokelewa.

“Haloo?” Sauti ile ile ya upole.

“Ni mimi,” mama akasema.

Akasikia mtu anapumua. Kisha yule bwana, sijui kwa mazoea, sijui kwa dharau, akauliza taratibu, “Umekula, mama?”

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haipatikani. Akapiga tena. Kiraka akamnyang'anya simu kwa upole.

Nawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe asingemwambia mtu. Kwa dakika nzima Mama Nakala hakumchukia yule mwizi. Alimlilia. Alijua kwamba jioni hii simu haitaita, wala kesho, wala kesho kutwa, na upweke ukamshukia pale pale barabarani, mchana kweupe.

“Lakini wanataka nini kwako?” Kiraka akauliza. “Samahani, shemeji, ila wewe na mimi hatuna cha kuibiwa. Mashine zenyewe zinakohoa.”

“Nina nyumba.”

“Nyumba si mliandika majina mawili? Marehemu aliniambia mwenyewe. Lako na la mtoto.”

“La mtoto, ndiyo.”

“Basi wewe wameshakupata,” Kiraka akasema polepole, kama mtu anayepiga hesabu asiyoitaka. “Aliyebaki ni yeye.”

Mwanawe! Fundi wa lifti, yuko mji wa mbali, safari ya usiku kucha kwa basi. Miaka sita hawajasemezana hata neno. Walitoka makaburini siku ya kumzika baba, kila mtu akachukua njia yake. Naye mama, kila jioni, kabla ya kumpigia Mstaarabu, alikuwa akiiandika namba ya mwanawe hadi tarakimu ya mwisho, kisha anaifuta. Ndiyo maana haikuwepo kwenye rekodi. Lakini vidole viliijua.

Akaichukua tena simu ya Kiraka, na safari hii hakufuta.

“Haloo.” Sauti ya chini, nzito kuliko alivyoiacha.

“Mwanangu. Ni mimi. Mama yako.”

“Niliambiwa utapiga,” mwanawe akasema.

“Nani kakwambia?”

“Mama.”

Kiraka, aliyekuwa ameinamisha sikio, akashika kichwa.

“Mama ameniandikia,” kijana akaendelea, pole pole, neno kwa neno. “Amesema kuna wezi wameiba sauti yake, wana mtambo wa kuiga. Amesema watanipigia kwa namba ngeni, na watalia. Haya, lia.”

“Silii! Mimi sijakuandikia kitu. Nani huyo anayekuandikia?”

“Tunaandikiana mwezi wa pili sasa, kwa namba yake mpya. Koo limemharibika, hawezi kuongea. Ananiandikia kila jioni. Ananiuliza kama nimekula.”

Mama Nakala akakaa kwenye kigoda cha Kiraka bila kukaribishwa.

Mnadhani alifikiria nyumba? Hapana. Kilichomchoma kwanza ni wivu. Kuna mtu amekuwa mama wa mwanawe kumshinda yeye mwenyewe. Kuna mtu ameandika yale maneno ambayo yeye kila jioni aliyafuta.

“Sikiliza, mwanangu. Usitie saini chochote.”

“Umejuaje habari za saini?”

“Nyumba ina majina mawili, watakuhitaji, na...”

“Sijataja nyumba mimi. Sijataja saini. Wewe ndiye unayezijua, mwizi mkubwa!”

“Ala! Niulize basi! Niulize chochote!”

“Kovu la goti langu.”

“Bati la banda la kuku. Ulikuwa unamkimbiza jogoo wa jirani.”

“Hilo analijua.”

“Ulipougua surua ulikataa kulala mpaka baba yako avae kofia yako ya shule.”

“Hilo pia ameniandikia. Alinichekesha.”

“Ulikuwa unasema ukikua utaoa feni!”

“Anajua, anajua. Anajua yote, tena anayasimulia vizuri kuliko wewe.”

Kila alichokishika kilikuwa kimeshaibwa. Kila kitu alikuwa amekigawa mwenyewe, jioni baada ya jioni, kwa furaha, akicheka peke yake mezani. Mtu akiiba kufuli lako, unanunua jingine. Ukishaibiwa utoto wa mwanao, unakwenda duka gani?

“Kuna moja,” kijana akasema ghafla. Sauti ilikuwa imeshuka zaidi.

“Ipi?”

“Aliniomba radhi. Aliandika, nisamehe, mwanangu, kwa yale maneno ya urithi. Mimi na mama hatukuwahi kugombania urithi. Nikajiambia ni ugonjwa, anachanganya mambo. Nikaipokea. Ndiyo radhi pekee niliyowahi kupewa, ningeiachaje?”

Mama Nakala akafumba macho. Hilo la urithi alilitunga yeye. Mstaarabu alipomwuliza kwa nini mwanawe hampigii, alijibu, “Ah, mambo ya urithi tu, vijana wa siku hizi.” Alimwambia Mstaarabu kila kitu cha maisha yake, ukweli mtupu, isipokuwa hapo.

“Siku ya mazishi,” mwanawe akasema, “nilifika udongo umeshasawazishwa. Ulinikumbatia mbele ya watu. Watu wote wakalia, wakasema tazama mama anavyomfariji mwanawe. Ukaniambia kitu sikioni. Kama wewe ndiye, kirudie.”

“Mwanangu, usinitake hilo.”

“Kirudie au nakata.”

“Niulize kingine. Nakuomba kama baba yangu, niulize kingine!”

“Sina kingine. Kimebaki hicho tu.”

Barabarani watu wanapita. Mteja mmoja amesimama mlangoni na cheti mkononi, anataka nakala. Kiraka anatazama kiatu ambacho hashoni. Mama Nakala akaigeuzia barabara mgongo, akaubana mdomo kwenye simu, na akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza kitu chenye miiba:

“Nilikwambia, bora ningekuzika wewe, nikabaki na baba yako.”

Kiraka akainuka, akaenda kusimama mbali.

Mama akasubiri. Aliisubiri simu ikatwe. Alijua kabisa kwamba itakatwa, na kwamba safari hii atakuwa amestahili.

“Ndiye wewe,” mwanawe akasema. Hakusema kwa furaha. Alikuwa analia bila kupandisha sauti. “Ni wewe, mama.”

“Ni mimi. Nisamehe. Nilitaka kukwambia kila siku, nikawa naiandika namba yako...”

“Mama, ngoja. Ngoja kwanza. Uko wapi sasa hivi?”

“Dukani. Nimeshika simu ya Kiraka.”

“Dukani kabisa? Hujalala?”

“Nilale saa hizi nina wazimu? Kwa nini unaongea chini chini namna hiyo?”

Hapo ndipo Mama Nakala alipoelewa. Tangu simu ipokelewe, mwanawe hakuwa anaongea kwa ubaridi. Alikuwa ananong'ona.

“Mama, mimi nimekuja,” akasema. “Aliniandikia kwamba amezidiwa, nyumba iuzwe atibiwe, halafu aje kuishi na mimi. Nikafurahi, mama. Nikapanda basi la usiku. Kabla sijafika nikajaribu namba yako ya zamani, nihakikishe. Ikanijibu kwa ujumbe, njoo mwanangu, nipo nyumbani nakusubiri. Nikaja. Bwana mmoja mpole sana akanifungulia mlango, akasema yeye ndiye anayekuuguza. Sasa hivi ametoka kumleta mnunuzi.”

“Uko nyumbani kwangu?” Ufunguo wa akiba ulikaa chini ya mtungi, na hilo pia Mstaarabu alisimuliwa.

“Nimekaa mlangoni pa chumba chako. Alinikataza kuingia, ati ugonjwa unaambukiza, nikutazame kwa mbali. Umejifunika hadi kidevuni, na barakoa usoni. Nimekaa hapa tangu nifike, nakuangalia ukilala. Nimekueleza kwa nini nilichelewa siku ile. Nimekueleza kila kitu, mama, nikilia, mpaka na...”

“Toka!” Mama Nakala alikuwa ameshasimama, kigoda kimeanguka. “Achana na mizigo, toka humo ndani! Shemeji! Kiraka! Tafuta pikipiki!”

“Mama,” mwanawe akanong'ona. “Amefumbua macho.”